Chombo Bila Shikio

Ndugu wasomaji, sisi wa Singida bahari twaisikia redioni tu. Maji yetu ni Ziwa Singida na Ziwa Kindai, yote ya chumvi, na vyombo tulivyozoea kuviona humo ni mitumbwi ya makafi. Ndiyo maana wanafunzi wetu walipouliza chombo cha tanga kitageuzwaje kikikosa usukani, tuliona tueleze yaliyotupata Unguja.

Mwaka 2019 tulikwenda Nungwi walimu watatu, tukapanda ngalawa ya mvuvi. Ngalawa ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba mno hata likiachwa peke yake na tanga lake litapinduka. Basi hutolewa mirengu kulia na kushoto, na mwisho wa mirengu hufungwa matengo, yaani mbao zinazogusa maji. Wataalamu wengi wanaona kuwa ufundi huu uliletwa na mabaharia wa Asia ya Kusini-Mashariki, wale wale ambao lugha yao imebaki Madagaska. Katamarani, chombo cha matumbo mawili, nacho ni jamaa yake, ingawa jina lake ni la Kitamil, maana yake mbao zilizofungwa pamoja.

Tulipokuwa tunarudi, jua linazama, kamba ya shikio ilikatika na shikio likachukuliwa na maji. Kati yetu watatu hakuna aliyejua kuogelea. Mmoja alianza kusoma Ayatul Kursiyy kwa sauti. Nahodha hakupandisha yake.

"Walimu wangu, asisimame mtu. Nikisema omo, tambaeni mbele. Nikisema tezi, rudini nyuma."

Tulidhani anatushughulisha tu ili tusiogope. Kumbe sisi ndio tuliokuwa usukani! Tulipokwenda mbele, omo ilizama ikashika maji, tezi ikainuka ikasukumwa na upepo, na ngalawa ikageuka kuuelekea upepo wenyewe. Tuliporudi nyuma ikawa kinyume: omo nyepesi ikapeperushwa, chombo kikaukimbia upepo. Kijana wake naye alikaa juu ya mrengu. Akiegemea kulia, tengo la kulia huzama na kukokota maji, na ngalawa hupinda kulia polepole. Nahodha mwenyewe alishika demani, akilegeza tanga na kulikaza, na mara moja moja alitia kafi majini.

Haikwenda sawasawa kama gari. Ilikwenda kwa kupindapinda, na wimbi lilipokuja ubavuni tulilowa wote. Lakini kila baada ya kupinda ilirudi kwenye taa za Nungwi.

Tulifika baada ya Isha. Tulipotaka kumwongezea nauli, mzee alicheka, akasema leo angestahili yeye kutulipa, maana amepata mabaharia watatu wa bure. Kisha akamtuma kijana kwenda kutafuta ubao wa shikio jipya, kwani alfajiri walikuwa na nyavu za kutega.