Twende Greenville, Kwa Bibi Mwenye Shabaha

Ndugu msomaji, leo tufanye safari ya mbali kwa kusoma. Hatuhitaji nauli. Tunahitaji macho na subira tu. Tunakwenda Marekani, katika jimbo la Ohio, kwenye mji mdogo uitwao Greenville.

Mji huu uko magharibi ya jimbo, karibu na mpaka wa jimbo la Indiana. Usidhani kwamba Marekani yote ni majumba marefu. Greenville imezungukwa na mashamba. Nchi yake ni tambarare. Wakulima wa huko hulima mahindi na soya, na hufuga kuku. Mimi ni bwana shamba, kwa hiyo mji wa namna hii naupenda hata kabla ya kufika. Lakini iko tofauti moja kubwa na kwetu. Majira ya baridi yakifika, theluji huanguka na ardhi huganda ikawa ngumu kama jiwe.

Katika bustani ndogo mjini hapo imesimama sanamu ya shaba nyeusi. Ni sanamu ya mwanamke mwenye bunduki. Jina lake ni Annie Oakley. Alikuwa mdogo wa umbo. Urefu wake ulikuwa kama futi 5 tu. Lakini alijulikana katika nchi nyingi kwa kulenga shabaha. Watu walilipa kiingilio kumtazama, kama sisi tunavyolipa kutazama mpira.

Hebu tusimame hapa kidogo. Nikusimulie kwa nini watu wa mji huu wanamkumbuka.

MTOTO WA MASKINI

Annie alizaliwa mwaka 1860 katika nyumba ya wakulima, kaskazini ya Greenville. Siku moja ya baridi kali baba yake alinaswa na dhoruba ya theluji njiani. Alirudi nyumbani akiwa ameganda kwa baridi. Aliugua, na mwaka 1866 akafa. Mama akabaki na watoto wengi na deni.

Mama alishindwa kuwalisha wote. Annie alipokuwa na umri wa kama miaka tisa, alipelekwa kwenye nyumba ya wilaya ya kutunzia maskini. Huko alijifunza kushona. Kisha wakaja watu wa familia moja wakamtaka. Walisema atawasaidia kulea mtoto mchanga. Waliahidi kumlipa senti 50 kwa wiki na kumpeleka shule.

Sikiliza yaliyompata. Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Baadaye kazi zikazidi. Aliamka usiku kukamua ng'ombe, kupika, kufua na kulima bustani. Shule hakuiona. Alipigwa. Mama yake alipotaka arudi, watu wale walikataa kumwachia. Tena walimwandikia mama barua. Walisema binti yako ana furaha, na yuko shuleni. Barua zote waliziandika wao. Mtoto hakuandika hata moja.

Annie aliteseka hivyo kwa karibu miaka miwili. Mwishowe alitoroka. Maisha yake yote hakuwataja watu wale kwa jina. Aliwaita mbwamwitu.

BUNDUKI YALIPA DENI

Aliporudi kwa mama yake alichukua bunduki ya marehemu baba. Aliwinda kware na sungura, akawauza kwa wenye duka wa Greenville. Wao walipeleka nyama kwenye hoteli za mji mkubwa wa Cincinnati. Wapishi waliipenda nyama yake, kwa sababu alilenga kichwani. Nyama haikuharibiwa na risasi. Unaona, msomaji? Mazao yaliyo safi hujitafutia soko yenyewe. Akiwa na miaka 15 alikuwa amemlipia mama yake deni la shamba.

Baadaye alishindana huko Cincinnati na mlenga shabaha wa kazi, Frank Butler. Annie alishinda. Bwana yule hakukasirika. Alimwoa. Alipoona kwamba mke amemzidi, hakuona haya. Aliacha kuonyesha shabaha zake mwenyewe, akawa msimamizi wa kazi ya mkewe.

Mwaka 1884 kiongozi mashuhuri wa Walakota, Mzee Sitting Bull, alimwona Annie akilenga. Alimpenda kama binti yake. Alimpa jina lenye maana ya Mlenga Shabaha Mdogo. Mwaka 1885 Annie alijiunga na maonyesho ya Buffalo Bill. Mwaka 1887 alilenga shabaha London mbele ya Malkia Victoria. Mwaka 1889 alikuwa Paris, Ufaransa. Aliweza kupasua kadi ya kuchezea iliyogeuzwa ubavu, akiwa umbali wa hatua 30. Nguo zake za maonyesho alizishona mwenyewe. Ile kazi aliyojifunza utotoni haikupotea.

Mwaka 1903 magazeti mengi ya Marekani yaliandika kwamba amekamatwa huko Chicago kwa wizi. Ulikuwa uongo. Aliyekamatwa ni mwanamke mwingine aliyejitia jina lake. Annie aliyashtaki magazeti 55, akapata haki yake katika 54. Safari hii hakukubali watu wengine waandike uongo juu yake akanyamaza.

BARUA NILIYOSOMA

Ndugu msomaji, habari hii hunichoma kwa sababu yangu mwenyewe. Nilipoanza kazi, mama mmoja wa kijijini alinijia na barua. Akasema, "Bwana Shamba, nisomee, mwanangu." Binti yake alikuwa amechukuliwa kwenda mjini kusaidia kazi za nyumbani. Aliahidiwa shule. Barua ilisema binti hajambo na anasoma vizuri. Niliisoma kwa sauti. Mama akafurahi, akanipa mayai matatu. Mimi nikaenda zangu.

Ilipokuja barua ya tatu niliangalia vizuri. Mwandiko ulikuwa wa mtu mzima. Tulijibu tukasema: mtoto aandike mwenyewe, hata mstari mmoja. Mstari huo haukuja. Mama alikwenda mjini na kaka yake. Walimkuta binti anachota maji, amekonda. Shule hakuwahi kuingia. Walirudi naye siku ile ile.

Kosa langu nalikumbuka. Nilijua kusoma maneno, lakini sikuyauliza maneno yale nani ameyaandika. Mama yule alijiandikisha darasa la watu wazima. Sasa husoma mwenyewe, wala hanihitaji.

KABURI DOGO

Kabla hatujaondoka Greenville, tupite kwenye jumba la makumbusho liitwalo Garst. Humo zimo bunduki zake, nguo zake na vitu vyake vingine. Kila mwaka mwezi wa Julai watu wa mji hufanya sherehe ya kumkumbuka.

Annie Oakley alifia hapa hapa Greenville tarehe 3 Novemba 1926. Mumewe alimfuata baada ya siku 18. Wamezikwa pamoja katika makaburi ya Brock, nje ya mji, karibu na mashamba ya utoto wake. Mawe ya makaburi yao ni madogo na yana maneno machache tu.

Basi turudi nyumbani, msomaji. Mtu akija kumtaka binti yako kwa ahadi ya shule, uliza ni shule gani, na nani ataona kwamba anasoma. Mfundishe kwanza kuandika jina lake na lako. Akiondoka, ngoja barua ya mkono wake mwenyewe. Isipokuja, usikae. Mfuate.