Ulikuwa Unatafuta Nyimbo Tu

Mwankoko, Singida

Mpendwa mwanangu,

Alizeti tumeianika kwenye turubai uani na bibi yako anashinda akifukuza kuku.

Ulipokuja likizo niliona mwanga wa simu chini ya mlango wako hadi majogoo. Asubuhi baba yako akakuita mvivu mbele ya wageni, nami nikanyamaza. Nisamehe. Mdogo wako kanieleza juzi: ulikuwa unatafuta nyimbo tu, ukakutana na video ya mtu anapigwa na kuchomwa moto, na tangu hapo ukifumba macho unamwona.

Huo si uvivu, mwanangu. Yamewapata na wengine: Nairobi kulikuwa na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja picha na video za Facebook: watu wanachinjwa, watoto wanateswa, siku nzima hivyo hivyo. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliipeleka Sama pamoja na kampuni yenye Facebook mahakamani. Wenzake wengi wakafuata na kesi yao, na mwishoni mwa 2024 zikajulikana ripoti za daktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta zilizofikishwa mahakamani: zaidi ya 140 kati yao wana ugonjwa wa akili uletwao na kiwewe. Usingizi hauji, hofu haiondoki, picha zinarudi. Nao walikuwa watu wazima, kazi yenyewe ni kutazama. Wewe ulikuwa na miaka kumi na tisa, peke yako gizani.

Halafu kwenye simu yako zikaja video nyingine, sivyo? Programu zile za video hupima muda uliosimama kwenye video. Sababu iliyokusimamisha haziijui. Umeganda kwa hofu, zenyewe zimehesabu umevutiwa, zinakuongezea. Kwa hiyo usijilaumu kwamba uliziita.

Hapo Dodoma ulipo ipo Mirembe. Najua huku kwetu jina hilo ni tusi. Mimi mwenyewe nimewahi kulitumia hivyo, na leo linaniuma. Ni hospitali ya afya ya akili, inatibu watu tangu 1927, na mtu asiyelala miezi miwili anastahili daktari kama mwenye malaria.

Baba yako sijamwambia. Utamwambia ukiwa tayari. Jumatatu napanda basi la asubuhi. Nisubiri stendi, tutakwenda pamoja.

Shangazi yako