Alikombolewa na Nani?

Anayetafuta habari za Ushirombo katika maandishi ya Kifaransa ya karne ya kumi na tisa asianzie kwenye herufi U. Aanzie kwenye O. Wamisionari wa Afrika, wale ambao watu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao, walifika huko mwaka 1891, na wakaliandika jina la mahali hapo kwa masikio ya kwao: Ouchirombo. Wajerumani waliokuja na serikali yao wakaandika Uschirombo. Leo tunaandika Ushirombo, nayo ni makao ya wilaya ya Bukombe mkoani Geita, ingawa zamani sehemu zile zote zilihesabiwa kuwa Kahama, na kwa upande wa Kanisa zingali chini ya Jimbo la Kahama, lililoundwa mwaka 1983.

Nayataja haya ya tahajia mapema kwa sababu mtu wa kwetu anayefuatilia nasaba yake huanza kwa kuwa mwanafunzi wa imla. Masikio ya Mfaransa husikia u, mkono wake ukaandika ou; husikia sh, ukaandika ch. Kwa kanuni hiyo Mabula huweza kugeuka Maboula, na Shija akajificha ndani ya Chidja. Ukishaizoea kanuni, kitabu cha ubatizo hufunguka. Majina ya Kisukuma na ya jirani zake Wanyamwezi na Wasumbwa yana fadhila ambayo majina ya watakatifu hayana: yamebeba habari. Kulwa na Doto ni pacha. Shija ndiye aliyewafuata pacha tumboni mwa mama mmoja. Mabula alizaliwa mvua ikinyesha, Malimi jua likiwaka. Padre aliyeandika tu kwamba amembatiza Shija, bila kujua, amekuachia habari za watoto watatu.

Tarehe nazo zataka uangalifu. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliagiza watu wazima wafundishwe kwa miaka minne kabla ya kubatizwa, isipokuwa aliye katika hatari ya kufa. Kwa hiyo nyuma ya tarehe ya ubatizo wa mtu mzima mara nyingi kuna miaka minne ya kwenda na kurudi, ambayo kitabu hakiitaji.

Mimi nilikwenda kumtafuta mama yake bibi. Ukoo wetu ulikuwa unajiandaa kwa mkutano mkubwa, na vijana wa Kahama mjini tulipewa kazi ya kuchora shina la ukoo kwenye karatasi pana ya kutundikwa ukutani. Msomaji asiyeijua Kahama aelewe kwanza uzito wa shughuli hiyo. Mji wetu umejaa wageni. Dhahabu ya Bulyanhulu na ya Buzwagi, na kabla yake na baada yake mashimo ya wachimbaji wadogo, imeleta watu wa kila mkoa, na swali la kwanza mtu analoulizwa gengeni ni “wewe mtu wa wapi?” Katika mji wa namna hiyo, wazee wetu wamejivunia jambo moja ambalo halina mnada: sisi ni wenyeji. Sisi hatukuja, tulikutwa.

Paroko alinipokea kwa upole, akanipa meza karibu na dirisha. Kitabu kimeandikwa kwa Kilatini, mstari kwa mstari, kwa mwandiko mwembamba wa wino uliokwisha kuwa rangi ya chai. Nilimpata katika mwaka 1898. Aliitwa Maria, kama nusu ya wasichana wa ukurasa ule. Jina lake la nyumbani limo pia, ila sitaliandika hapa. Ni mali ya walio hai. Umri wake umekadiriwa: miaka tisa hivi. Mahali ambapo wenzake wameandikiwa baba na mama, yeye ameandikiwa maneno mawili, parentes ignoti, wazazi hawajulikani. Na pembeni, kwa herufi ndogo, neno moja: redempta.

Aliyekombolewa.

Nililisoma neno lile nikaisikia sauti ya bibi. Kila jioni, baada ya sala, alikuwa na sentensi yake moja, ambayo sisi wajukuu tuliijua kama tunavyojua harufu ya jiko lake: “Mama yangu alikombolewa hapa.” Na sisi sote, tukiwa tumepiga magoti, tulijibu: “Amina.” Tulidhani anamsema Yesu. Nani asingedhani? Kiswahili kimempa Kristo jina la Mkombozi, na kitenzi kikaenda naye kanisani. Lakini kukomboa ni neno la sokoni kabla ya kuwa neno la altareni. Hukombolewa kitu kilichowekwa rehani. Hukombolewa mateka. Kauli ya kutendwa yaruhusu mtenda atajwe kwa na, na yaruhusu pia aachwe. Bibi alimwacha, nasi tukamjaza tuliyemtaka.

Mambo yenyewe si siri kwa anayesoma historia. Nchi ya kusini-magharibi ya ziwa la Victoria ilikuwa imepitiwa na vita kwa miongo kadhaa: Watuta waliotoka kusini na kufanya makao sehemu za Runzewe, Mirambo na rugaruga wake mpaka alipofariki mwaka 1884, na misafara ya pembe za ndovu kati ya Ujiji, Tabora na pwani, ambayo ilibeba pia watu. Mapadre Weupe walikuwa wakiwanunua watoto mikononi mwa wafanyabiashara na kuwalea misheni. Anayejulikana zaidi miongoni mwa waliokombolewa hivyo ni Adrian Atiman, aliyenyakuliwa utotoni karibu na Timbuktu, akasomeshwa udaktari Malta, akatibu watu Karema tangu mwisho wa miaka ya 1880 mpaka kifo chake mwaka 1956. Habari za Atiman zimeandikwa. Wasichana waliokombolewa waliolewa, wakalima, wakazaa wenyeji. Na tusisahau kwamba utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Huyu Maria alikuwa amekwisha kuwa mama wa watoto.

Basi hatukukutwa. Angalau kwa upande mmoja, tuliletwa.

Nilirudi na habari hiyo kwa baba mkubwa na kwa shangazi, ambao ndio waliobaki wa tumbo la bibi. Baba mkubwa alisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akasema: “Andika kama mama alivyosema. Alikombolewa. Neno hilo halisemi uongo, na atakayesoma atasema amina.”

Nakiri kwamba kama mpenzi wa lugha nililifurahia jibu hilo. Ni jibu la mshairi: neno moja, nyumba mbili, na mlango wa nyuma umeachwa wazi kwa anayejua. Lakini nilipokuwa nikilipima usiku ule, niliona kwamba fumbo hulindwa na wanaolijua, na hapa wanaolijua walikuwa wazee wawili na mimi. Wakiondoka, amina pekee ndiyo itakayobaki. Bibi, nadhani, hakuwa anaficha. Alikuwa anasema kila jioni, waziwazi, mbele ya watoto kumi na zaidi. Sisi ndio tuliokuwa na haraka ya kwenda kula.

Shangazi alishughulishwa na maneno mengine kabisa. Alinitaka niyarudie.

“Wazazi hawajulikani,” nikasema.

“Hawajulikani na nani?”

Sikuwa na jibu, na sarufi nayo haikuwa nalo. Kujulikana ni kauli ya kutendeka. Kwa kawaida haina nafasi ya mtenda. Ndiyo maana barua za ofisi zinaipenda: fedha hazikupatikana, faili halionekani. Hakuna aliyezikosa, hakuna asiyeliona. Ignoti ya padre ina tabia hiyo hiyo.

“Mtoto wa miaka tisa,” shangazi akasema, “anamjua mama yake. Hata jina la mbuzi wao analijua. Waseme hawakumuuliza.”

“Labda waliuliza, hakusema,” baba mkubwa akajibu. “Na pengine alichukuliwa akiwa na miaka minne. Mtoto wa miaka minne ukimwuliza mama yako anaitwa nani, anakwambia anaitwa mama.”

Wakanyamaza wote wawili. Nje malori ya kwenda Rwanda yalikuwa yakipita, na kila likipita vikombe vilitetemeka mezani.

Shangazi akaivuta ile karatasi pana, akauweka mkono wake juu ya jina la Maria, mahali ambapo mchoro wetu ulikuwa umeishia. Akaniambia niandike alikombolewa, na baada yake niandike kutoka utumwani, kwa herufi za ukubwa ule ule. Kisha nichore juu yake visanduku viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, niviache wazi.

Baba mkubwa hakubisha. Aliuliza tu kama mchapaji atatutoza fedha kwa visanduku ambavyo havina kitu.

Nikamwambia karatasi hulipiwa kwa ukubwa wake.