Mashine Inapolia Bure

Nilipoanza kupima dhahabu kwa mashine huko Chunya, mwanzoni mwa miaka ya 2010, milio ya bure ilitoka chini. Siku hizi mingi inatoka juu. Mashine zimekuwa bora kuliko tulivyowahi kutarajia na ardhi ya Lupa ni ile ile, lakini kazi ya kutenganisha mlio wa kweli na mlio wa bure haijapungua. Imehamia kwingine, nasi tunaoshika mashine tumehama nayo.

Lupa, huko huko Chunya, ni eneo la dhahabu la tangu enzi za Waingereza. Watu walianza kumiminika huku miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 mito mikavu ilijaa waosha kokoto kwa karai. Walichokuwa wanakitafuta ni dhahabu iliyokwisha kutoka kwenye mwamba ikasambaa udongoni. Mashine ya mkononi inafaa kwa dhahabu ya namna hiyo tu, tena ikiwa ya vipande. Dhahabu ya unga, hata ingejaa kwenye udongo, haiilizi mashine. Bei ilipokaribia dola 1,900 kwa wakia mwaka 2011, watu walirudi kwenye mabonde yale yale, safari hii wakiwa na hedifoni masikioni. Mimi nilikuwa mmoja wao, na mpaka leo sijaona kazi inayonipendeza kuliko hii.

Mashine niliyoanza nayo ilikuwa ya aina inayotuma mawimbi mfululizo huku inasikiliza. Ni nyepesi, na kwenye udongo mtulivu huona hata kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Udongo wetu si mtulivu. Ni mwekundu, umejaa chuma, na una mawe meusi mazito ambayo kila ukiyapita yanaitikia. Ukishusha chini koili, lile duara la waya linalopitishwa juu ya ardhi, inaguna. Ukiipandisha kidogo, inanyamaza. Ukichimba pale ilipolia, unatoa ndoo za udongo na mlio wenyewe unapotea.

Wazee walikuwa na maelezo yao: dhahabu imehama. Nimesikia vijana wakiyacheka maneno hayo, nami sipendi, kwa sababu yalitokana na jambo ambalo wazee walikuwa wameliona kweli. Mlio ulikuwepo, ukachimbwa, ukatoweka. Kilichotokea ni kwamba mlio ule ulitoka kwenye udongo wenyewe, uliokuwa umeshindiliwa mahali pamoja. Ukiuvunja kwa sululu na kuutawanya, chuma chake kinatawanyika na mashine haina tena cha kulilia. Kipande cha dhahabu hakifanyi hivyo. Ukikwangua udongo wa juu ukakikaribia, mlio wake unazidi kuwa mkali na mwembamba, na ukihamisha udongo, mlio unaufuata ulikokwenda.

Aliyenifungua masikio ni kaka mmoja aliyekuwa fundi redio mjini kabla hajaingia kwenye dhahabu. Aliniona nikichimba shimo lisilo na mwisho, akaniambia, “Mdogo wangu, usiiulize mashine imeona nini. Iulize kwanza sauti inatoka wapi.” Akachukua mashine, akainua koili mpaka usawa wa kifua, akatulia. Kelele zikaisha. “Basi ni ardhi. Zingeendelea, ingekuwa hewa, au mashine yenyewe inaumwa.” Sijapata somo jingine la kazi hii lililonifaa kuliko hilo.

Ardhi iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ile iliyoungua. Kuna kiraka kimoja nilichokipita mara nyingi, na kila mara mashine ilitoa mlio mpana, mzito, unaopanda na kushuka polepole. Tulipochimba, udongo ulikuwa na rangi ya tofali, na chini yake tukakuta chenga za mkaa. Palikuwa na tanuri la mkaa la zamani. Yule kaka akatoa sumaku aliyoikopoa kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaipitisha kwenye udongo ule mkavu. Ilitoka imeota ndevu nyeusi. Udongo wa hatua chache pembeni, mwekundu vilevile kwa macho, haukunata hivyo.

Baadaye nilisoma sababu yake. Moto, ukichanganyika na mizizi na majani yanayoungua, hubadilisha madini ya chuma ya udongo yasiyovutwa na sumaku, na kuyafanya maghemaiti, ambayo huvutwa. Wafyeka mashamba wanaochoma visiki wanatuachia mitego mibaya zaidi ya tanuri, kwa sababu mzizi mkuu huendelea kuungua polepole ukishuka chini. Unabaki mfereji wa udongo uliookwa, mwembamba na wa kina, na mashine inaulilia karibu sawasawa na kitu chenye thamani. Tangu hapo, kabla sijaanza kupima, natazama kwanza miti: wapi palifyekwa, wapi pamechomwa, wapi vichaka vimechipua upya kwenye majivu.

Kisha zikaja mashine za mapigo. Mhandisi wa Australia aitwaye Bruce Candy, wa kampuni ya Minelab, alikuwa ametengeneza SD 2000, iliyotoka mwaka 1995, kwa ajili ya udongo wa kwao, ambao nao ni mwekundu na umejaa chuma. Huku kwetu iliyoenea mikononi mwa watu ni ya ukoo huo huo, GPX 5000 ya mwaka 2010. Mashine hizi hazitumi mawimbi mfululizo. Hutuma pigo la umeme, hulikata ghafla, husubiri sehemu ndogo sana ya sekunde, ndipo husikiliza. Sehemu kubwa ya mwitikio wa udongo inakuwa imekwisha kufa wakati huo, ilhali ndani ya metali umeme ungali unazunguka. Maghemaiti ndiyo yenye ukaidi, kwa sababu mwitikio wake huchelewa kufa. Kwa hiyo ni lazima uisawazishe mashine na ardhi uliyosimama: unapandisha na kushusha koili juu ya udongo usio na kitu mpaka sauti ilale sawa, na unarudia kila udongo unapobadilika. Nilipopita juu ya lile tanuri la zamani kwa mashine ya mapigo nikasikia ukimya, nilifurahi kama niliyeokota dhahabu.

Ardhi ilipotulia, ndipo tukaanza kusikia kelele zilizokuwa zimefunikwa. Nyingine tulikuwa tumezivaa. Kijana mmoja aliyekuwa akipima pamoja nasi alipata mlio kila mguu wake wa kulia ulipotangulia. Alibadilisha koili, akabadilisha betri, akasogea mbali na wenzake, mlio ukabaki. Nilimwomba avue katambuga. Zilikuwa zimekatwa kwenye tairi lenye nyuzi za chuma, na upande wa mbele wa kiatu cha kulia nyuzi zilikuwa zimechomoza kwenye raba. Alipopima peku, mashine ikanyamaza. Sululu iliyoning’inizwa kiunoni, funguo, bizimu ya mkanda, vyote hufanya kazi hiyo hiyo, hasa kwa koili kubwa inayoona mbali.

Vijana ninaowafundisha huwa ninawasimulia habari za Alexander Graham Bell, yule wa simu. Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari hawakujua risasi imekaa wapi mwilini. Bell alitengeneza kifaa cha kutafuta metali kwa sauti, akakijaribu kwa askari wa zamani waliokuwa bado na risasi miilini, kikafanya kazi. Ikulu kilikataa. Mara ya kwanza kiungo kimoja kilikuwa kimeunganishwa vibaya. Mara ya pili, Agosti mosi, kilitoa mlio hafifu uliotapakaa eneo kubwa lisiloeleweka. Baadaye Bell alifahamu kwamba godoro la rais lilikuwa na nyaya za chuma. Tena daktari mkuu alitaka upande wa kulia tu ndio upimwe, na risasi ilikuwa imekwenda kushoto. Garfield alifariki Septemba 19. Inaniuma kila ninapoisimulia, kwa sababu kifaa kilikuwa kinasema kweli. Kilisikia chuma, na chuma kilikuwepo. Mlio mpana usio na kitovu ulistahili kumfanya mtu ainue shuka atazame chini ya mgonjwa.

Koili nayo ina maradhi yake. Kifuniko cha plastiki kinachoikinga chini hukusanya mchanga mweusi kupitia nyufa, na mchanga huo ni chuma kitupu kinachocheza unapopunga mkono. Ninakifungua kila jioni na kupangusa. Waya wa koili ukilegea kwenye mpini, unalia kila unapotikisika. Ufunge vizuri kuanzia juu hadi chini. Ukiigonga koili taratibu kwa kidole hewani na ikaitikia, kagua plagi yake na nyufa kabla hujalaumu kingine. Ukungu wa asubuhi kwenye plagi unatosha kuharibu siku nzima. Na zipo mashine bandia, zenye maandishi na rangi za zile halisi, ambazo hata zikikaguliwa na kutulizwa kwa njia hizo zote bado zinaguna. Huwa nasikitika kumwona mtu aliyeuza ng’ombe akainunua moja, kwa sababu hakuna ninaloweza kumrekebishia.

Halafu umeme ukafika. Nguzo zilifuata barabara, kisha zikaingia vijijini, minara ya simu ikapanda kwenye vilima vile vile tulivyopenda kupima kwenye miteremko yake. Hakuna anayetaka kurudi kwenye koroboi, nami pia sitaki. Lakini mashine ya mapigo hutega sikio kwa makini mno baada ya kila pigo, na chochote chenye umeme kinachobadilika hewani huingia humo: waya wa nguzo, simu iliyo mfukoni, plagi ya bodaboda inayopita barabarani, mashine ya mwenzako aliye ng’ambo ya korongo. Masika, radi ikipiga mbali upande wa Rukwa, mkwaruzo unaingia kwenye hedifoni muda mrefu kabla ngurumo haijafika, na siku nyingine ngurumo haifiki kabisa.

Kipimo cha yule kaka bado ndicho kinachoanza, ila sasa jibu ni tofauti. Unainua koili na kelele zinaendelea. Ukiisimamisha wima na kuzunguka taratibu ukiwa umesimama papo hapo, utasikia zikizidi upande mmoja na kufifia upande mwingine, nawe utajua zinakotoka. Hapo unaiacha mashine itafute yenyewe masafa yaliyotulia, koili ikiwa imetulia na wenzako wamesogea mbali. Zikikataa, punguza usikivu. Hapa ndipo ninapobishana na vijana. Wao hupenda kuuacha juu kabisa, wakiamini kila hatua ya kuushusha ni dhahabu inayoachwa ardhini. Mimi nafukia kipande cha risasi, ile metali laini ya wavuvi, kwa kina cha shibiri moja, kisha nampa mtu mashine yake aipitishe ikiwa juu, halafu ikiwa imeshushwa. Ikiwa juu, kelele humeza kile kipande. Ikishushwa, kinasikika, hafifu lakini kila mara, kutoka mashariki na kutoka kaskazini. Huo ndio mlio ninaouchimba: unaojirudia ukiujia kwa njia mbili zinazokatana.

Kuna mteremko mmoja kando ya barabara, ndani ya eneo la mwenye leseni tunayegawana naye, ambao wazee wanaapa ulitoa vipande vizuri enzi zao. Waya za umeme zinapita juu yake moja kwa moja. Kwa koili yenye nyuzi mbili zinazofutana kelele unaweza kupima pale, ila unapoteza kina, na tunachokitaka kiko chini ya pale jembe la wazee lilipofika. Kwa hiyo tumejifunza kufuatilia matangazo ya kukatwa kwa umeme kwa ajili ya matengenezo. Siku hiyo tunafika mapema, tunasawazisha mashine, tunasubiri. Umeme unapokatika, mvumo ule unaondoka kwenye hedifoni mara moja, na tunaanza kutembea, polepole, tukitazama saa. Mnara ulio kilimani una jenereta yake, kwa hiyo upande wa juu wa mteremko bado haujapimika.