Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Kitenzi hicho kina maana mbili. Kutunza ni kumpa zawadi aliyecheza vyema ngomani. Kutunza pia ni kuhifadhi kitu kisipotee. Kombe la kumbukumbu hubeba maana zote mbili: mshindi huzawadiwa, na jina la marehemu huhifadhiwa.

Hata hivyo, si kila jina hudumu. Mashindano ya magari ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Madereva walipambana na vumbi na matope ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa heshima ya taji la ugenini. Mwaka 1960 jina la kutawazwa liliachwa, mashindano yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Jina huishi maadamu wapo wenye haja ya kulitaja.

Katika vilima vya Kisii na Nyamira, sifa ililetwa na wakimbiao kwa miguu. Nyandika Maiyoro alikuwa wa saba katika mbio za mita 5,000 mjini Melbourne mwaka 1956, na wa sita mjini Roma mwaka 1960. Tarehe 13 Oktoba 1968, mjini Mexico, Naftali Temu alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia karibu na utepe wa mita 10,000, akaipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki.

Hao walikuwa wanamichezo wa ridhaa. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Na kanuni za siku zile hazikumruhusu mwanariadha kulipwa kwa ushindi wake. Walikimbia bila kudai. Lakini kutodai hakufuti deni.

Temu alifariki mwaka 2003, Maiyoro mwaka 2019. Watoto wa Gusii wangali wanapanda vilima vile vile asubuhi wakienda shule. Kombe la kuwakumbuka wazee hao halihitaji mali nyingi: barabara ipo, miinuko ipo, miguu ipo. Linahitaji kushindaniwa kila mwaka, na majina yatajwe kabla ya mbio kuanza. Si bure kwamba Kiswahili kimelirudufu neno kumbukumbu. Kukumbuka mara moja hakutoshi.