Bichi za bei ya boom, na kinjia cha bibi

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea tangu UE zianze, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimekula supu au nimedisko kabisa. Sijadisko. Nilikuwa nimejichimbia maktaba kama kila mtu. Sasa likizo ndefu hiyo inakuja, na kila nikikaa kantini swali ni lile lile: wewe mtu wa Tanga, tuambie twende bichi gani ambako hatutarudi kwa miguu?

Zanzibar naiweka pembeni. Si kwamba siipendi, ila ukishalipa boti kwenda na kurudi, ukalipa na chumba, boom yote imekwisha na hujanunua hata urojo. Ukipata mfadhili nenda, tuletee picha. Mimi naongelea huku kwetu bara, kuanzia hapa Dar kwenda kaskazini, sehemu ambazo nimefika kwa miguu yangu na pesa yangu.

Coco mnaijua. Jumapili jioni utadhani nusu ya Dar imehamia pale, mihogo ya kukaanga na kachumbari, pilipili ya kukutoa machozi, vijana wanacheza mpira mchangani na wamama wa kanisani na magauni yao mazuri wamevua viatu. Maji yenyewe si ya kusifia sana, mawe mengi na mkondo wake una tabia mbaya, kwa hiyo kama hujui kuogelea ishia magotini. Lakini Coco ina jambo moja ambalo nilikuwa silithamini zamani: hakuna anayekuuliza umekuja kufanya nini. Unashuka daladala unaingia mchangani, basi. Rumeti wangu, mtu wa Makambako, bahari ya kwanza kuigusa maishani ilikuwa hiyo, mwaka wa kwanza, na sare ya kwaya. Alisimama kama dakika kumi hasemi kitu. Mwenzetu wa Bukoba yeye alikuwa anatutambia siku zote kwamba hata Ziwa Victoria ni bahari tu, hadi alipokinga maji mkononi akayaonja. Akatema. Tangu siku hiyo hatujamsikia tena.

Kigamboni ni pazuri, mchanga mweupe na maji yametulia kuliko Coco, na kupanda kile kivuko cha Magogoni peke yake ni matembezi. Unaweza pia kuzunguka na daraja la Nyerere lililofunguliwa 2016. Tatizo la Kigamboni ni mageti. Unatembea unaona bahari ile pale, mbele yako ukuta, kwenye ukuta geti, kwenye geti mlinzi, na mlinzi ana kitabu cha risiti. Nyingine wanakwambia kiingilio bure ila chakula cha nje hakiruhusiwi, yaani ule wali wenu mliopika hosteli na kuubeba kwenye hotpoti uishie kwenye begi.

Mbudya nimekwenda mara moja tu, na bathdei haikuwa yangu. Ni kisiwa cha hifadhi, tangu 1975, maji yake unaona mpaka vidole vya miguu. Ila piga hesabu: boti, kiingilio cha hifadhi, banda la makuti, samaki. Kwenda ni lazima muwe wengi mchangie boti. Ukienda wawili mtarudi mmenuniana.

Bagamoyo sasa. Hapo ni kama kilomita 70 tu kutoka Dar, asubuhi unakwenda jioni umerudi. Naipenda sana, lakini tusidanganyane, Bagamoyo unakwenda kwa ajili ya mji, si kwa ajili ya kuogelea. Mto Ruvu unamwaga tope lake jirani, maji yana rangi ya chai ya maziwa. Lakini tembea vile vichochoro vyenye milango ya kuchonga, nenda Kaole ukaone magofu ya msikiti na makaburi ya karne ya 13, nenda kwenye misheni iliyoanzishwa 1868, ambako Chuma na Susi na wenzao waliufikisha mwili wa Livingstone mwaka 1874 baada ya kuubeba kutoka bara kabisa. Mwalimu wangu wa historia sekondari alikuwa akisimulia habari za Livingstone kana kwamba alijibeba mwenyewe. Halafu jioni shuka soko la samaki, ngalawa zinaingia, mnada unapigwa, pweza wanakaangwa pale pale. Mia tano mia tano unashiba. Nikiwa na siku moja tu na pesa kidogo, ni Bagamoyo.

Lakini nikiwa na wiki, ni Pangani, na hapo mtanisamehe kama sitakuwa na usawa.

Pangani ndiyo kwetu. Unapanda basi pale stendi ya Magufuli Mbezi, Chalinze, Segera, Muheza, Tanga mjini, halafu unadandia Coaster kama kilomita 50 hivi kuelekea kusini. Mji wenyewe mdogo, boma la zamani, majengo ya ghorofa yaliyochoka, minazi kila upande. Hapo ndipo Abushiri bin Salim alipoanzia kuwasha moto dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, na hapo hapo wakamnyonga Desemba 1889. Mto unakatiza mbele ya mji, mkubwa, mzito, umetoka huko Kilimanjaro na Meru, na ng'ambo ni Bweni. Ukishavuka Bweni unachukua bodaboda mpaka Ushongo, na hapo jamani sina maneno. Mchanga mrefu mpaka macho yanachoka, mivinje inavuma, na maji yakipwa unatembea mbali kabisa kutafuta pweza na wamama.

Mbele ya Ushongo kuna Maziwe. Wazee wanasimulia kilikuwa kisiwa cha kweli, kina mivinje, kasa wanapanda kutaga. Bahari ikakila. Miti ikaisha kwenye miaka ya themanini mwanzoni, na leo ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama lote, yakipwa linaibuka tena jeupe peee. Kasa hawajaambiwa, bado wanakwenda kutaga pale pale, na kuna watu wanahamisha mayai na kuyafukia Ushongo ili yasizame. Ukibahatika unawaona watoto wa kasa wakitoka mchangani wanakimbilia maji. Mwenzetu wa Bukoba alilia. Alisema ni upepo wa kusi.

Maana niliwapeleka, wote wawili, Agosti 2024. Kwa bibi yangu mzaa baba, kijiji kimoja huko kusini ya mto, jina naliacha. Tulivuka na kivuko, baiskeli, mbuzi, magunia ya nazi, na pembeni tunaona ujenzi wa daraja umeshaanza. Yule wa Makambako akasema, "Daraja likikamilika mtakuwa mjini nyie." Nikacheka. Sikujua kama kuna watu walishapiga hesabu hiyo kabla yake.

Shamba la bibi ni kama ekari mbili. Upande mmoja barabara, halafu minazi, halafu nyumba, halafu minazi tena, mivinje, bahari. Katikati kuna kinjia. Tangu naanza kutembea nakiona kile kinjia, na si cha kwetu peke yetu. Wamama wa juu ya barabara wote wanapita humo na vyandarua vyao kwenda kutanda dagaa, wavuvi wanapita na makasia alfajiri, watoto ndiyo usiseme. Anayepita anasema hodi, bibi anaitika bila kuinua kichwa kwenye makuti yake. Siku tatu za kwanza tulikuwa tunakula tu: wali wa nazi, mchuzi wa papa, vitumbua asubuhi, na bahari ni yetu. Bibi alishawaita wenzangu wajukuu, na wa Makambako alishafundishwa kusuka kuti, ingawa lake lilifumuka.

Siku ya nne baba mdogo akaja na karatasi. Tukakaa mkekani barazani: bibi, baba mdogo, shangazi, na jirani mmoja kama shahidi.

"Mwanasheria wetu yupo," baba mdogo akasema. "Atusomee."

Mimi mwaka wa pili huo nilikuwa naingia wa tatu. Nikapokea kwa maringo. Ilikuwa karatasi moja, imechapwa steshenari, ya kumuuzia shamba mtu mmoja kutoka mjini. Bei sitaitaja, ila kwa pale kijijini ilikuwa pesa ya kumfanya mtu asilale. Nikasoma mipaka kwa sauti. Magharibi: barabara. Kaskazini: shamba la fulani. Kusini: mnazi mkubwa uliopinda. Mashariki: bahari.

Nikarudia hiyo ya mwisho. Mashariki: bahari. Yaani hakuna mivinje, hakuna mchanga, hakuna njia. Nikaanza kumwaga lekcha. Nikawaambia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, haitaki shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, nikawaambia ardhi ya kijiji haiuzwi kama kuku, lazima halmashauri ya kijiji ihusike. Nikawaambia na ya Kigamboni, ukuta, geti, mlinzi, kitabu cha risiti. Nilikuwa naongea vizuri, naapa. Mahakama ya mazoezi sijawahi kuongea vile.

Baba mdogo akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu tu, hana hata hasira:

"Na ile pesa ya kujazia ada mwaka wa kwanza, mwanangu, ulidhani ilitoka kwenye nazi?"

Jamani. Mnaojua habari za mkopo wa asilimia chache mnanielewa. Baba yangu alishafariki, mkopo ulitoka nusu nusu, na baba mdogo alituma pesa mara mbili, mara ya pili usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya usajili. Nilimshukuru, sikumuuliza. Kumbe ilikuwa kishika uchumba. Yule mnunuzi alishatoa tangu 2022, na mimi ndiye niliyekila. Nilikaa pale na kifungu changu cha 57 mdomoni sina pa kukitema. Wenzangu walikuwa jikoni, najua walisikia, maana sufuria ziliacha kugongana.

Shangazi akaangalia chini. Jirani akakohoa. Aliyesema ni bibi, na alikuwa hajaacha kusuka.

"Pesa ya watu tumeila, na mtoto kasoma. Hiyo si siri wala si aibu. Muuzieni. Lakini mie njia sijaiuza, kwani njia si yangu. Mtauzaje cha watu?"

Ikaandikwa upya. Mnunuzi alikuja keshokutwa, mtu mpole tu, nilitegemea jitu lenye miwani myeusi. Ilikubaliwa achukue upande wa kusini wa shamba, nyumba ya bibi ibaki upande wa kaskazini, mashariki mpaka uishie kwenye mivinje na si baharini, na kinjia kibaki wazi kwa watu wote, upana hatua nne. Mimi ndiye niliyeandika, kwa mkono wangu, tukapeleka ofisi ya kijiji ikapigwa muhuri. Baba mdogo alinishika bega wakati wa kurudi, hakusema kitu, na mimi sikusema. Jioni tulikwenda Maziwe na ngalawa ya jirani, maji ya bamvua, fungu likazama tukiwa bado tunalitazama.

Kwa hiyo mkiniuliza bichi nzuri ni ipi, mimi siku hizi kabla ya kutazama mchanga natazama njia ya kufikia. Ndiyo maana Coco imepanda kwenye orodha yangu na Kigamboni imeshuka, mnaoishi Kigamboni msinipige mawe.

Sasa sikilizeni upuuzi wangu. Mwezi uliopita baba mdogo kanipigia simu. Nguzo za uzio zimesimikwa, naye kaenda kupima njia kwa hatua zake. Tatu na kidogo. Kamfuata fundi, fundi kamjibu kwamba walipima vizuri, hatua nne, tena walimwomba bibi mwenyewe atembee. Na ni kweli, bibi katembea, nne kamili. Bibi yangu ana miaka zaidi ya themanini na hatua yake ni kama ya kuku anayepita kwenye matope.

Mwanasheria gani anaandika hatua badala ya mita? Nimejiuliza hilo swali wiki nzima ya UE, na bahati mbaya halikutoka kwenye mtihani. Bibi yeye anasema wamama bado wanapita na vyandarua vyao, ila wakikutana wawili mmoja anasubiri.

Likizo hii nakwenda na futi kamba. Basi la alfajiri, Mbezi, Jumatatu ya kwanza baada ya kufunga. Wa Makambako anakuja, anasema safari hii kuti lake halifumuki. Nafasi kwenye mkeka wa bibi bado zipo mbili, anayetaka aniambie mapema, na aje na chandarua chake.