Si Barabara, Mama

Mama ndiye aliyesema bila kuficha. Tulikuwa tunatoka Kigamboni, ameshikilia kishikio cha mlango kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, gari lako linatutikisa kama ngalawa." Nikamjibu kwamba ni barabara. Jibu hilo nilikuwa nimeshawapa wengi, nami nililiamini. Anayekaa ndani ya kitu kila siku huenda ndiye wa mwisho kujua kimechakaa. Mwili wangu ulishazoea kujikaza kabla ya kila tuta, nikadhani hivyo ndivyo watu wanavyoendesha.

Gereji, fundi aliikandamiza pembe ya mbele kwa uzito wake wote, akaachia. Gari lenye shokapu nzima hupanda mara moja, likatulia. Langu liliendelea kuinama na kuinuka, kama mtu anayeitikia kila anachoambiwa. Akanieleza kwamba springi ndiyo inayobeba uzito, lakini springi peke yake haijui kuacha kucheza. Kazi ya kuituliza ni ya shokapu, kwa mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Yangu ya kulia ilikuwa imeshatapika mafuta yote.

Ya kushoto ilikuwa mpya kiasi, na hapo ndipo penye aibu yangu. Mwaka uliotangulia niliambiwa nibadilishe zote mbili kwa pamoja, nikabadilisha moja. Ningependa kusema sikuwa na fedha. Nilikuwa nazo, nikazinunulia redio.

Nilitaka kusaidia, labda ili kufidia, nikapeleka spana kwenye nati ya juu katikati ya shokapu. Fundi akanidaka mkono. "Kaka, hiyo haifunguliwi kabla springi haijabanwa. Itakutoa meno." Nikarudi nyuma, nikatazama akiibana taratibu, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Chuma kile kilikuwa na nguvu zake zote wakati gari limesimama kimya juu ya jeki, nami nilikuwa nikiuchukulia ule ukimya kuwa usalama. Sijui ni mara ngapi nimewafanyia watu hivyohivyo.

Springi ya kushoto ilipotoka, tulikuta imekatika mzunguko wa chini kabisa, pale panapokaa tope na chumvi ya pwani ikaila taratibu. Kipande kilikuwa bado kimekaa kwenye kikombe chake, hakuna aliyekiona. Kumbe upande niliouhesabu kuwa mzima nao ulikuwa na lake. Tukanunua springi mbili na shokapu mbili. Boliti za bushi fundi aliziacha zimelegea, akazikaza mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, maana bushi ikikazwa gari likiwa linaning'inia hukaa imejipinda na kufa mapema. Kisha likaenda kupimwa magurudumu.

Jumapili nikamchukua mama, njia ileile, mashimo yaleyale. Nilimtazama mikono, ilikuwa mapajani. Nilisubiri sifa, nakiri. Tulipokaribia kivuko akageukia dirishani.

"Barabara wameitengeneza?"

"Hapana, mama," nikasema. "Haikuwa barabara."

Akaguna tu. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania.